Nimeitwa mafunzo ya ndege kubwa: chama cha marubani nijiunge saa hii au ningoje?

Swali: "Shikamoo kapteni. Mimi ni binti wa Kilifi, nimemaliza CPL (leseni ya rubani wa biashara) na instrumenti (kuruka kwa kufuata vyombo) pale uwanja wa Wilson, nina masaa 230 hivi, nimekaa nyumbani muda mrefu bila kazi ndo sasa nimeitwa na shirika moja kuanza taipu reitingi ya Boeing 737, yaani mafunzo ya kibali cha kuirusha. Mkataba una bondi ya miaka 5 (nikiondoka kabla nalipa gharama ya mafunzo) na wanataka mdhamini, baba amesema atatoa hati ya shamba. Siku ya kujaza makaratasi jamaa wa chama cha marubani alitupa fomu tujiunge, alipotoka tu mtu wa ofisi akatuambia wenye akili humaliza probeshoni (kipindi cha majaribio) kwanza ndo waanze siasa. Na kuna fununu za mgomo. Nikijiunga watanifukuza? Na wakigoma nikiwa bado simuleta (ile mashine ya kuigiza ndege) nitakua upande gani?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana, kwa sababu kutoka Cessna mpaka kuitwa 737 wengi wanakwama hapo katikati, kuna vijana wana leseni safi kabisa na wanauza duka la shangazi wakingoja simu. Jibu fupi: jiunge, tena mapema, ilimradi sheria za hicho chama zinaruhusu kadeti, yaani rubani aliye bado mafunzoni. Lakini usidhani chama kitakufaulisha simuleta, na usikubali mtu yeyote, awe wa ofisi ama wa chama, akutumie wewe kama silaha yake wakati bado hujasimama kwa miguu yako. Nimekua mkufunzi na nimekaa kwenye kamati ya chama pia, meza zote mbili nazijua, na kwenye meza zote mbili nimeona kitu kimoja, kwamba rubani mpya ndo wa kwanza kutolewa sadaka watu wakianza kukubaliana. Kwa hivyo mapema ujue ni nini kinazungumzwa juu ya kichwa chako.

Tuanze na hofu ya kufukuzwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake, na haki ya kugoma imo hapo hapo. Haijasema mfanyakazi aliyemaliza probeshoni. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya chama, hata mtu ambaye bado anatafuta kazi analindwa, na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inasema uanachama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Probeshoni yenyewe mwisho ni miezi 6, wanaweza kuongeza mingine 6 lakini mpaka wewe ukubali, na 2021 mahakama ya ajira iliamua kwamba hata aliye kwenye probeshoni lazima asikizwe kabla hajaondolewa. Kwa hivyo yule bwana wa ofisi aliwapa maoni yake tu, sheria haisemi hivyo.

Sasa hiyo ni karatasi. Kwa uhalisia hakuna meneja atakayeandika barua kwamba umeachishwa kwa sababu umejaza fomu ya chama. Akitaka kukuondoa ataandika hujafikia kiwango. Kwa maneno mengine faili lako la mafunzo ndo ngao yako ya kwanza kuliko wakili yeyote, na hapo ndo nataka tukae kidogo, maana vijana wengi wananiuliza mambo ya chama na hawaniulizi mambo ya faili.

Kila kikao cha simuleta kina karatasi yake, mkufunzi anaandika alama na maoni afu wewe unasaini. Usisaini ukiwa umechoka bila kusoma. Masaa manne yameisha, mawili ukiendesha wewe, mawili ukimsimamia mwenzako, umetoka jasho, unataka kwenda kulala, mkufunzi anakusukumia karatasi unasaini. Hapana. Keti, soma, kama ameandika kitu ambacho hukubaliani nacho mwulize hapo hapo kwa heshima, na kama kuna sehemu ya maoni ya mwanafunzi ijaze, hata kama ni sentensi moja. Omba nakala. Siku utakayohitaji mtu wa chama akutetee, atauliza kitu kimoja tu, karatasi ziko wapi, na bila karatasi hata mwenyekiti mwenyewe hana la kusema.

Na usomaji wenyewe mwanangu, usiuchukulie juujuu. Umezoea Cessna 172 inakuja kutua kwa noti (maili za baharini kwa saa) 65 hivi, sasa 737 inakuja kwa noti 140 au zaidi, inashuka futi 700 na kitu kila dakika, na kama ni Nairobi uwanja uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari kwa hivyo hewa ni nyepesi na mwendo wa kweli juu ya ardhi unakua mkubwa kuliko unaousoma kwenye kioo. Ukifika futi 1,000 juu ya uwanja kila kitu kiwe kimetulia, mwendo, flapsi, magurudumu, chekilisti, la sivyo unapaa tena. Akili yako kwa wiki za kwanza itakua nyuma ya ndege, na hiyo ni kawaida, sio kwamba huna kipaji. Dawa ni kukaa chumbani na ile picha ya kokpiti ubandike ukutani, uguseguse swichi kwa mpangilio ukisema maneno kwa sauti mpaka mikono ijue njia yenyewe. Zile hatua za dharura za kukariri zikariri kabla hujaingia darasani, zisiwe kitu cha kukumbuka, ziwe kitu cha kutoka tu. Injini ikizimika kwenye mwendo wa V1, ule ambao ukishaufika husimami tena lazima upae, usikimbilie swichi, shika pua ya ndege, kanyaga pedali ya usukani wa mkia uinyooshe, ipae kwanza, mengine yatafuata. Nimeona wanafunzi wazuri sana wakianguka kwa sababu ya haraka ya mikono.

Halafu utafute mwenzako wa simuleta mapema, mkae pamoja kila jioni. Nyie wawili mnafaulu pamoja au mnazama pamoja.

Kuna jambo lingine la mafunzo ambalo naona ni zito kuliko mikono. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, KQ507, 737-800, iliondoka Douala usiku wa manane kwenye mvua, ikaanguka kwenye kinamasi hata dakika mbili hazijaisha, watu 114 wote wakafa. Ripoti iliyotoka 2010 ilionyesha ndege ilianza kulala upande wa kulia polepole na hakuna aliyekua akiiendesha kwa hakika, kapteni akidhani otopailoti imeshika. Kapteni alikua na masaa zaidi ya 8,500, na faili lake la mafunzo lilikua na kasoro zinazojirudia. Fasta ofisa, yaani rubani msaidizi, alikua kijana wa miaka 23. Ripoti ikaongelea kapteni mwenye sauti kubwa na kijana mpole. Mimi nikiwafundisha vijana wapya nawasomesha ripoti ile yote, kwa sababu siku moja wewe ndo utakua kijana mpole kwenye kiti cha kulia, na lazima useme. Sema jina la tatizo, sema tena, asipojibu chukua usukani. Hakuna adabu ya kimwambao itakayokusaidia hapo, wewe ni mtu wa pwani na tumelelewa kutomkatiza mkubwa, huko juu mkatize.

Unaona basi chama kinaingia wapi. Fasta ofisa ambaye ana bondi, yuko probeshoni, hati ya shamba la baba iko kwenye kabati la kampuni, na hana mtu nyuma yake, huyo kusema "kapteni tumekosea" inamgharimu zaidi. Chama kizuri kazi yake ya kwanza ni kumfanya huyo mtoto aweze kusema bila kuogopa kesho yake. Mishahara inakuja baadae. Mashirikisho makubwa yalianza hivyo, ALPA, chama cha marubani cha Marekani cha 1931, ilianzishwa wakati marubani wa barua walikua wanakufa kwa kulazimishwa kupaa kwenye hali mbaya, na IFALPA, shirikisho la vyama vya marubani duniani lililoanzishwa London 1948, ambalo KALPA, chama cha marubani wa Kenya, ni mwanachama wake, kazi yake kubwa mpaka leo ni mambo ya usalama.

Sasa siasa yenyewe. Hapa nitasema kitu ambacho viongozi wetu hawapendi. Siasa kubwa kwenye chama cha marubani mara nyingi haiko kati ya marubani na kampuni, iko kati ya marubani wakubwa na wadogo. Kila kitu kwenye maisha yako kitapangwa na namba ya sinioriti, yaani ukongwe kazini, ni kama foleni ambayo huwezi kuruka hata ukiwa bora kuliko aliye mbele yako. Nani anapanda kwenda ndege kubwa, nani anakua kapteni, nani analala nyumbani Idi au Krismasi, nani anachagua likizo mwezi wa nane, yote ni namba. Na mambo yakiharibika wa mwisho kuingia ndo kwa kawaida wa kwanza kutoka, hata Sheria ya Ajira ya Kenya inataja ukongwe kazini kati ya mambo ya kuangaliwa watu wakipunguzwa, pamoja na ujuzi na uaminifu. Kwa hivyo swali la kwanza la kumwuliza yule jamaa aliyekupa fomu ni hili: namba yangu inaanza kuhesabiwa lini, siku ya kusaini, siku ya kuanza darasa, au siku ya kumaliza laini treni (mafunzo ya kwenye safari za kweli)? Na sisi wa darasa moja tunapangwa vipi, kwa umri, kwa alama, kwa herufi? Mahali pengine hupangwa kwa umri, pengine kwa namna nyingine, na hilo neno moja kwenye mkataba wa pamoja kati ya chama na kampuni linaweza kukuchelewesha ukapteni miaka. Ushindwe mtihani urudie, mwenzako akupite, je namba yako inashuka? Uliza kabla.

Mfano wa wakubwa na wadogo. Marekani marubani walikua wanastaafu wakiwa na miaka 60 kwa sheria. ALPA ilitetea 60 kwa miaka mingi, lakini 2007 uongozi ukageuza msimamo na Desemba mwaka huo sheria ikawa 65, sawa na kiwango ambacho shirika la kimataifa la ICAO lilikua limeweka mwaka mmoja kabla. Kwa aliyekua kapteni wa miaka 59 ilikua zawadi ya miaka mitano ya mshahara wa juu kabisa. Kwa fasta ofisa mdogo ilikua miaka mitano ya kusimama palepale, na ukaja mtikisiko wa uchumi wa 2008 juu yake, vijana wakarudishwa nyumbani. Juzi hapa wakataka kupandisha 67, safari hii ALPA ikakataa, na sheria ya Mei 2024 ikabakisha 65. Ukisikia mjadala wa namna hiyo kwenye chama chako usiseme ni mambo ya wazee, ni mshahara wako unaojadiliwa.

Mfano mwingine ndo unaonigusa zaidi kwa swali lako la mgomo. 1983 American Airlines ilikubaliana na chama cha marubani wake mishahara ya ngazi mbili, yaani walioko kazini wabaki na pesa zao, watakaoajiriwa kuanzia sasa walipwe chini sana kwa kazi ile ile kwenye ndege ile ile. Kwa chama ni rahisi kukubali hiyo kwa sababu anayeumia hana kura, hajaajiriwa bado. United, shirika lingine kubwa la Marekani, nao wakataka hivyo hivyo 1985. Marubani wa United wakakataa, wakagoma tarehe 17 Mei 1985, siku 29. Na kampuni ilikua imejiandaa, ilikua na marubani wapya 570 waliokua wamechukuliwa na kufundishwa kwenye kituo chake cha Denver, na hesabu ya mabosi wa kampuni ilikua hawa vijana hawana chama, hawana namba, wana njaa ya kazi, mgomo ukianza wataingia kokpiti. Mgomo ulipoanza waliojitokeza ni wachache wa kuhesabu kwa vidole. Wengine wote walikaa nje na wale wakubwa ambao walikua wamegoma kwa ajili ya mshahara wa hao hao vijana.

Na usidhani waliachwa salama. Mgomo ulipoisha kampuni ikakataa kuwachukua, wakabaki bila kazi mpaka mambo yalipoamuliwa mahakamani, na chama kikasimama nao huko mahakamani mpaka wakapata kazi na nafasi zao. Ngazi mbili haikuondoka yote kwenye makubaliano, lakini iliwekewa mpaka. Mpaka leo wakongwe wa United wakitaja "wale 570" wanataja kwa heshima. Ninachotaka uone ni kwamba mambo mawili yalikua kweli kwa pamoja, wakubwa walikua tayari kupoteza mshahara kwa ajili ya watu wasiowajua, na wadogo walilipa bei kubwa kuliko wote. Chama kinachotaka wewe ulipe bei hiyo lazima kiwe kimeonyesha kwanza kwamba kitalipa yake.

Kwetu sisi. Novemba 2022 KALPA iligoma Kenya Airways kuanzia tarehe 5, na ilikua ni juu ya amri ya mahakama iliyosimamisha mgomo. Madai makubwa yalikua mchango wa kampuni kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni uliosimamishwa wakati wa korona, na mishahara iliyocheleweshwa kipindi hicho hicho. Abiria maelfu wakakwama Jomo Kenyatta, kampuni ikasema inapoteza mamia ya milioni kwa siku, na baada ya siku chache mahakama ikaamuru marubani warudi kazini saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9 na kampuni nayo isiwaadhibu. Watu walitukana marubani sana wakati ule, eti wanalipwa vizuri na bado wanalia. Mimi nasema dai la mfuko wa uzeeni lilikua dai la haki, tena lilikua dai la vijana kuliko wazee, maana kijana ndo ana miaka 35 mbele ya kukatwa. Lakini njia ya kugoma juu ya amri ya mahakama sikuiona sawa na bado siioni sawa, inamweka hatarini rubani ambaye hana ulinzi wowote wa kisheria, na huyo ni yule wa probeshoni. Ukitaka ukumbuke pia 2016, KALPA ilitoa notisi ya mgomo ikitaka mwenyekiti wa bodi na mkurugenzi mkuu waondoke, kampuni ikiwa imetoka kupata hasara ya zaidi ya bilioni 25 miaka miwili mfululizo, na mwenyekiti akabadilishwa mwezi wa kumi, mkurugenzi naye akatangaza kuondoka. Chama kina nguvu kweli, sio mchezo. Ndo maana inabidi uwe ndani uangalie inatumikaje.

Kwa hivyo wakigoma ukiwa simuleta, utakua upande gani. Kwanza angalia mkataba wako unasema wewe ni nani kwa sasa. Mashirika mengine yanakusainisha makubaliano ya mafunzo kwanza, afu mkataba wa ajira unaanza ukifaulu. Mengine ni mwajiriwa siku ya kwanza. Tofauti ni kubwa, kwa sababu ukiwa mwanafunzi tu wa mafunzo chama kitapata shida kukutetea kama mfanyakazi. Pili, mgomo wa halali Kenya una njia yake, mgogoro uripotiwe, usuluhishi ushindwe, notisi ya siku 7 itolewe, na kusiwe na amri ya mahakama. Ukishiriki mgomo wa namna hiyo sheria inakulinda usifukuzwe kwa kushiriki. Marubani hawamo kwenye orodha ya huduma muhimu zinazokatazwa kugoma, waongoza ndege ndo wamo, watu huchanganya sana hapo. Ukija kufanya kazi Tanzania ujue njia ni nyingine, huko ni siku 30 za usuluhishi, kura ya wanachama na notisi ya masaa 48.

Mimi ningekwambia hivi. Mgomo ukiwa halali na wewe uko simuleta, endelea na simuleta, kusoma si kufanya kazi ya mtu aliyegoma. Tatizo linaanza pale wakikupigia usiku kwamba laini treni yako imefupishwa, kesho unaruka, yule rubani wa akiba anayekaa nyuma yako kukulinda ameondolewa kwenye safari, karatasi zitarekebishwa baadae. Hapo kataa. Kataa kwa barua pepe fupi ya adabu, sema programu yangu ya mafunzo iliyoidhinishwa inasema safari kadhaa na rubani wa akiba na siko tayari kuruka nje ya programu. Huna haja ya kutaja mgomo hata kidogo. Ni sababu ya usalama na ni ya kweli, na mamlaka ya anga, KCAA, ndo iliyoidhinisha hiyo programu, kampuni haiwezi kuibadilisha usiku. Na upande wa pili, mtu wa chama akikuambia utoke darasani uje kwenye mstari wa wagomaji na wewe uko probeshoni na kuna amri ya mahakama, mwambie akuandikie, kwa jina la chama, kwamba chama kinawataka kadeti wafanye hivyo na kitabeba gharama gani. Kiongozi mzuri hataandika hivyo, atakuambia rudi darasani. Chunga na WhatsApp pia, usiandike kitu cha mgomo kwenye grupu ambalo hujui limo nani.

Fomu yenyewe ikoje: ukijaza Fomu S unaruhusu kampuni ikukate ada kwenye mshahara ipeleke kwa chama, kwa hivyo ndiyo, ofisi itajua umejiunga, hakuna siri hapo. Na hata usipojiunga, kama mkataba wa pamoja unakuhusu, chama kinaweza kuruhusiwa kukukata ada ya uwakala kwa sababu unafaidi walichojadiliana. Unaweza kulipa bila kura au kulipa ukiwa na kura. Nenda mikutano. Kura za mikutano hiyo hupigwa na watu wachache sana, wengi wakiwa wakubwa walio nyumbani siku hiyo kwa sababu rosta yao ni nzuri, vijana wako Kisumu na Juba wanapiga safari. Nyinyi wapya mkiwa 20 mkaenda na swali moja la kueleweka, mfano bondi, mtasikizwa.

Kuna watakaokuambia achana na haya yote, piga masaa yako 1,500 ukate ATPL, leseni ya juu ya marubani wa mashirika, uende Dubai au Doha. Wameenda wengi na wengine wamefanikiwa sana, siwezi kukuzuia. Ila jua Emarati hairuhusu vyama vya wafanyakazi, utakua na mshahara mzuri na nyumba na hutakua na wa kukusemea siku ukiugua ukapoteza medikali, cheti chako cha afya cha urubani. Na masaa 1,500 yenyewe usiyafanye mungu. Marekani waliweka sharti hilo kwa fasta ofisa baada ya ajali ya Colgan karibu na Buffalo, Februari 2009, watu 50 wakafa, na kumbe marubani wote wawili wa ndege ile walikua tayari wana zaidi ya 2,000. Uchovu, mafunzo yasiyotosha ya kujitoa pale mabawa yanapokosa kuibeba ndege (stoli), na kapteni aliyeshindwa mitihani mara kadhaa, hayo ndo yalikua makubwa. Mimi sharti hilo nalielewa kama la usalama na la kisiasa pia, linapunguza wanaoingia na kupandisha mishahara, na chama kule kinalishikilia kwa nguvu. Ulaya kijana wa masaa 200 anakaa kiti cha kulia cha 737 akiwa amefundishwa vizuri, na anakua salama. Kwako wewe wa masaa 230, ubora wa hizi wiki zinazokuja ndo kila kitu.

Mwisho hati ya baba. Hapa nitakua mkali kidogo, nisamehe. Bondi yenyewe si dhambi, taipu reitingi ni ghali na kampuni ina haki ya kutaka uifanyie kazi muda fulani. Ila soma hivi vitu: je deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au ukiondoka mwaka wa nne unadaiwa yote kama umeondoka jana? Kampuni ikikupunguza kwa redandansi, deni linafutwa? Ukishindwa mtihani wa simuleta bila kosa lako, nani analipa? Ukipoteza medikali ya daraja la kwanza? Kiasi kilichoandikwa ni gharama ya kweli ya mafunzo na wana risiti, au ni namba tu? Mafunzo yakikatizwa na mgomo au ndege zikisimamishwa, miaka 5 inaanza lini? Kama majibu ya maswali hayo hayamo kwenye karatasi, usisaini, na hati ya shamba isitoke nyumbani kabisa, uliza kama watakubali dhamana ya mtu au makato ya mshahara badala yake, wengi hukubali ukiuliza maana wanahitaji marubani. Mpelekee yule jamaa wa chama hiyo rasimu kabla hujasaini, mwulize waliosaini mwaka jana waliipata hivi hivi au wenu umebadilishwa. Akikaa na wewe akaisoma mstari kwa mstari na kukutafutia wakili wa kazi aiangalie, mjazie fomu yake siku hiyo hiyo. Akikuambia saini tu tutarekebisha baadae, jiunge bado, lakini kwenye uchaguzi ujao mpigie kura mtu mwingine.